Kosa Mlilomtwika Kadra

Minjila,
Jumatatu.

Kwa mdogo wangu Sora, huko Bura.

Huna adabu, Sora. Salamu zitakuja, kwanza pokea hili. Una mvi mpaka kwenye nyusi na watu wa Bura wanakuita mzee, lakini umebeba buni na sukari ukaenda Garsen kwa Nuh, mwana wa Kadra, kumwombea Sadik mke, na mimi niliyemzaa huyo Sadik niko hapa Minjila, sijafa, macho yangu yanaona na miguu yangu inatembea. Nimekuja kuambiwa na mwanamke wa kuuza mkaa. Alikuwa anapima debe huku ananipa hongera, mimi nimemshikia gunia wazi kama mjinga. Mjomba ana heshima yake, sikatai, lakini mjomba hakubeba mimba. Tena Kadra hajafikisha hata arobaini kaburini, nanyi mmekaa juu ya mikeka aliyoisuka kwa mkono wake, mnatafuna buni za samli na kuchagua Ijumaa ya kumwoza binti yake.

Haya, nimepumua. Asalaam aleikum, mtoto wa mama yangu. Natumai barua hii itakukuta umeamka salama, wewe na wote wa nyumbani. Wifi yangu goti limepungua? Mwambie aache kukaa kwenye jiwe asubuhi, ni lile jiwe linalomla. Na maji ya mfereji yamefika kwenye mahindi yenu au bado mnangoja zamu? Huku kwetu mvua ilinyesha siku mbili ikanyamaza. Majani yameota kidogo upande wa mto, na yule ng'ombe wangu mwekundu amezaa ndama jike. Mimi ni mzima wa mwili. Ya moyo utayasoma.

Umenipigia simu mara nne sikushika. Nilikuwa nayo mkononi, naiangalia inavyotetemeka. Sikushika kwa sababu wewe ukiongea na simu unaiweka ipaze sauti, na kila anayekuja kununua sigara dukani kwako anasikia mambo ya ukoo wetu. Haya ya leo si ya wanunua sigara. Ndiyo maana nimechukua daftari langu la ngumbaru nikakaa chini. Ukiona herufi zimelala, zisimamishe mwenyewe ukisoma. Umesoma mpaka darasa la saba, mimi nimejifunza kuandika nikiwa tayari nina wajukuu.

Jambo lenyewe ni moja: ndoa ya Sadik na Ramla isifungwe Ijumaa hii wala Ijumaa nyingine yoyote. Najua mmeshachinja mbuzi kichwani mwenu. Najua Sadik amekaa mjane miaka mitatu na watoto wawili wanaopigwa na jua la Bura, na najua Ramla ni msichana mwema, anafundisha watoto wadogo pale Garsen na hajawahi kunipita njiani bila kunishika mkono. Sina neno baya juu yake. Lakini isifungwe.

Nimeambiwa ulimwambia mwanangu kwamba mama yake hashiki simu kwa sababu ya wivu, kwamba Sabdio alimwonea Kadra wivu akiwa hai na sasa anamwonea akiwa kaburini. Aliyeniletea maneno hayo alidhani nitaruka. Sikuruka. Ni kweli. Nilimwonea wivu, Sora. Nilimwonea miaka hamsini, na siku ya mazishi nilipoona msururu wa watu umeanzia kwenye barabara ya lami mpaka makaburini, niliona wivu hata juu ya jeneza. Nikajiuliza wangapi watakuja kwangu. Nikahesabu, nikaacha.

Siku ya tatu, kwenye hitima, wanawake waliniambia niseme neno juu ya marehemu kwa kuwa hakuna aliyeishi naye karibu kama mimi. Nikasema nina kikohozi. Sikuwa na kikohozi. Basi leo nitasema kwako, na utaona kwa nini pale sikuweza.

Mimi na Kadra tuliolewa msimu mmoja wa mvua. Unakumbuka, wewe ulikuwa unachunga ndama na pua inakutiririka. Mimi nililetwa kwa Halake, yeye akaletwa kwa Dida, Mungu awarehemu wote wawili, na wakati huo Dida na Halake walichunga pamoja, kwa hiyo nyumba zetu zilisimamishwa mlango ukitazama mlango. Hiyo ndiyo ilikuwa bahati yangu mbaya. Mwanamke akiwa na jirani hodari wa mbali, anasikia sifa zake mara moja kwa mwezi. Mimi nilikuwa nikitoa kichwa asubuhi namwona.

Tulipohama kufuata majani, nilikuwa bado ninafungua kamba za mikeka ya paa na yeye ameshapakia nyumba nzima juu ya punda, amekaa kivulini ananyonyesha, na bado anauliza kama nahitaji mkono. Nilikuwa nikimwambia sihitaji. Vyombo vyake vya maziwa alivisuka vikabana hata sindano haipiti, na alivifukiza kwa moshi wa kuni ambazo sisi wote tulizijua, kuni zile zile, mti ule ule. Lakini maziwa yake yalikaa siku tatu hayajageuka na yana harufu ya kukufanya ufumbe macho. Yangu yalikuwa maziwa tu. Halake akipata mgeni wa heshima, hakuona haya kusema mbele yangu kwamba mtoto atumwe kwa Kadra akaombe maziwa. Mgeni amekaa kwenye mkeka wangu, anakunywa maziwa ya mlango wa pili, anasema mashallah. Wewe mwenyewe ulikuwa mgeni huyo, Sora. Ulilamba mpaka mfuniko.

Na mume wake. Dida hakuwa tajiri wala hakuwa mzuri, alikuwa na meno kama ua wa miti uliovunjwa na ng'ombe. Lakini wanaume wenzake walipomtania kwamba ng'ombe wake sasa wanatosha kuongeza mke, aliwajibu kwamba nyumba aliyo nayo haina pembe tupu. Maneno hayo yalizunguka yakafika kwangu mwaka ule ule Halake alipooa yule mwanamke wake wa Garsen. Usiniambie nilipaswa kufurahi kwa ajili ya jirani.

Alizaa saba, akazika wawili. Waliobaki akawalea kwa sauti ndogo. Sijawahi kumsikia akimtukana mtoto, na mimi nilisikiliza sana. Mafuriko ya El Nino yalipotutoa hapa tukakaa juu ya tuta la barabara na mbuzi na wagonjwa, alipika sufuria moja kwa ajili ya nyumba nne, na mimi nilikula chakula hicho nikisema moyoni anataka kusifiwa. Hata nikishiba, nilisema hivyo.

Kisha Dida akapofuka. Hayo uliyaeleza vizuri kwenye hitima, mpaka watu wakajifuta macho, kwamba kwa miaka tisa Kadra alishika fimbo upande mmoja na mume wake upande wa pili, akampeleka msikitini kila Ijumaa na kumngoja nje kwenye jua, kandambili za mume wake zimelala mapajani mwake kama mtoto. Ni kweli. Lakini lile nitakalokuambia hulijui. Mimi sikuamini. Nilijisemea hakuna mtu mwema namna hiyo, huyu mbele za watu ni asali, na wakiwa peke yao njiani anamsimanga. Siku moja niliwafuata. Mwanamke mzima, nimejifunika leso mpaka puani, natembea nyuma ya vichaka kama fisi. Nikamsikia akimsimulia ng'ombe. Kila kundi walilopita alimwambia rangi zake, yupi ana mimba, yupi amekonda, ndama gani anachechemea. Dida akamkatalia kwamba yule mwenye baka jeupe hawezi kuwa wa ukoo ule. Kadra akacheka, akarudi nyuma hatua kadhaa kwenda kuangalia alama ya sikio, akaja kumwambia kwamba amesema kweli, macho yake yeye ndiyo yamezeeka. Nikageuka. Nilipofika nyumbani nilimpiga mbuzi asiye na kosa.

Huyo ndiye Kadra. Mke wa mtu mmoja na mama wa watoto wake mpaka alipokata pumzi. Nimemaliza sifa zake, na zimeniuma kama kung'olewa jino.

Sasa tuje kwenye lile ulilosema mwisho. Ulisimama mbele ya watu wa Minjila na Garsen, ukasema marehemu hakuwa na doa isipokuwa kosa moja, Mungu amsamehe: kwamba alimfungia Ramla mlango. Kwamba miaka miwili Sadik alipeleka watu kumwomba binti, na miaka miwili Kadra alisema hapana bila kutoa sababu, kwa kuwa alitaka binti abaki kumchotea maji na kumgeuza kitandani. Ukasema uzee una ubinafsi wake. Na watu wakaitikia amin, kwa kuwa ndivyo walivyokuwa wakisema wote, kwenye visima na kwenye maduka. Hata Nuh alisema. Hata Ramla mwenyewe, mwaka uliopita, alikaa siku sita bila kuongea na mama yake, akimpa chakula bila neno.

Mimi nilijua kwa nini Kadra anakataa. Katika dunia hii tulijua watu wawili, yeye na mimi. Na katika miaka hiyo miwili, Sora, nilisikia utamu. Nakuandikia ukweli kwa kuwa nimechoka kuubeba. Kwa mara ya kwanza tangu tuolewe, watu walikuwa wakimsema Kadra vibaya. Wanawake walikuja kukaa kwangu na kuniuliza ni mama gani anayemnyima binti yake nyumba. Nami nilikuwa nikitikisa kichwa, nikisema Mungu ndiye anayejua mioyo, kisha nawamiminia chai tena ili wasiondoke.

Shika daftari vizuri sasa.

Unaukumbuka ukame wa themanini na nne. Wewe ulikuwa na wanaume, mliteremsha ng'ombe huko chini upande wa Kau kutafuta majani, na sisi wanawake wenye watoto wachanga tukabaki na wazee na mbuzi wachache waliokauka. Sadik alikuwa na siku saba. Unajua nilikuwa nimezika wawili kabla yake. Siku ya nane nikashikwa na homa, matiti yakavimba yakawa kama mawe, yakatoa usaha, kisha yakakauka. Mtoto alikuwa ananyonya hewa. Siku ya tatu ya kulia hakulia tena, alikuwa anafungua mdomo tu. Mama mkwe alikaa mlangoni, macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, na kazi yake ilikuwa kusema kwamba ng'ombe aliyekauka hachukui nafasi zizini. Alikuwa akiniambia mimi. Halake alikuwa ameshaanza kutafuta mke wa pili tangu nilipozika mtoto wa pili, na nilijua akirudi akakuta ziwa langu limekufa na mtoto wa tatu amekufa, mimi nitarudishwa kwa mama na ninyi.

Kadra aliingia asubuhi akidai amekuja kunikanda. Alimkuta Sadik hivyo. Hakuuliza. Alikaa na mgongo wake kuelekea mlangoni, akafungua leso, akamweka mwanangu kwenye ziwa lake. Mtoto hakuwa na nguvu za kunyonya. Alimkamulia mdomoni kwa kidole, tone kwa tone, mpaka akaanza kuvuta mwenyewe. Nilikuwa nimelala chini natazama. Badala ya kushukuru niliona wivu. Mwanangu alikuwa ameshika kifua chake na vidole vyote vitano, na kwangu hakuwahi kushika hivyo.

Alikuja kila siku alfajiri na jioni. Mwezi uliandama, ukaandama wa pili, bado anakuja, mpaka mvua ziliponyesha na mbuzi mmoja akazaa nikapata maziwa ya kumpa mtoto. Na Kadra naye alikuwa na njaa kama sisi wote. Alikuwa na Nuh wake, wa miezi mitatu. Ziwa la mwanamke mwenye njaa halitoshi wawili. Sadik alikuwa anashiba analala, na mimi nasikia Nuh analia nyumba ya pili. Nilimsikia kila siku. Sikuwahi kusema basi, leo mpe wako.

Nilimwapisha. Nilimshika mkono nikamwambia asimwambie mtu, si Dida, si mama mkwe, si Halake akirudi, kwa maana nitafukuzwa na nitachekwa. Alikubali. Lakini alisema neno moja, nalo nililisikia vizuri.

"Maziwa ni yangu, Sabdio, lakini siri ni yako. Watoto hawa wakikua wakaanza kutazamana, wewe ndiye utakayesema."

Nikasema ndiyo. Nilikuwa tayari kusema ndiyo kwa lolote.

Sasa umeelewa. Sadik ni mtoto wa Kadra wa kunyonya. Nuh ni ndugu yake wa ziwa. Na Ramla, hata kama alizaliwa miaka kumi na miwili baadaye, ni dada yake, haramu kwake kama mimi nilivyo haramu kwako wewe. Hilo halihitaji sheikh wa kutoka Lamu, kila mtoto wa chuo cha Kurani analijua. Na wewe ulikwenda kulitafunia buni.

Sijamaliza. Kuna ubaya mwingine na utausoma.

Nuh alikua mfupi na mwembamba, unamjua, mpaka leo wanamwita Kidole. Sadik akakua na mabega yanayojaza mlango. Na mimi nilijivuna. Miaka yote. Walipokuwa wakicheza pamoja niliwaita nikawasimamisha mgongo kwa mgongo mbele ya wanawake. Siku ya harusi ya Nuh, watu wamejaa, nilimuuliza Kadra kwa sauti kama mwanawe alimlea kwa kijiko. Wanawake wakaangua kicheko. Kadra aliniangalia. Alikuwa na neno moja tu la kusema, na neno hilo lingenizika pale pale. Alicheka na wenzake, akaninawisha mikono, akaniwekea nyama.

Nilimchukia zaidi tangu siku hiyo. Sijui kama wewe mwanaume utalielewa hili. Mtu akikushinda kwa uzuri unaweza kusema ni bahati. Akikushinda kwa kukustahi, huna la kumshika.

Sadik alipoanza kumtazama Ramla, Kadra aliniita. Sikwenda. Nilimwambia aliyetumwa kwamba mguu unaniuma. Akaniita mara ya pili, nikasema nina wageni. Nilijua ananiitia nini, na nilijua atazuia ndoa hata nisiposema, kwa hiyo nilikuwa salama na sifa yangu ya umama. Yeye ndiye atakayesemwa. Nikamwacha asemwe.

Mara ya tatu nilikwenda kwa kuwa Ramla alikuja mwenyewe akilia. Kadra alikuwa amebaki mifupa na macho. Alimtuma binti nje akachote maji ingawa mtungi ulikuwa umejaa. Kisha akaniambia hivi, na maneno haya nimeyaandika kama alivyoyasema, sijaongeza langu.

"Sabdio, nimekubeba mgongoni miaka arobaini. Sasa nimechoka. Shuka."

Nikamuuliza kwa nini asiseme mwenyewe. Akaniambia akisema yeye, watadhani mwanamke anayekufa anatafuta kumnyang'anya mwenzake mtoto, na Sadik hatanitazama tena. Nikisema mimi, huenda akanisamehe. Hata hapo, Sora, hata kitandani pale, alikuwa anafikiria mimi nitatazamwaje. Nilikasirika. Nikamwambia nitasema kesho. Akauliza kama ni kesho kweli. Nikasema kesho. Akafumba macho kama mtu aliyetua mzigo.

Nilikaa siku kumi na moja. Kila asubuhi nilijifunga leso, nikafika mlangoni, nikarudi. Siku ya kumi na mbili nikasikia kilio.

Hiyo ndiyo sababu nilisema nina kikohozi. Ulipomtwika kosa lile mbele ya watu, mdomo wangu ulifunguka, ukajifunga. Nilidhani imekwisha, amekufa nayo, mimi nimebaki na mwanangu mzima. Sikujua mtakimbilia kumwoza kabla udongo haujashuka. Kadra alikuwa ukuta, nanyi mlidhani ukuta ukianguka kuna njia.

Wasalimie watoto wa Sadik, wape mkono wa bibi yao. Msalimie wifi yangu, na Laila kama ameshajifungua, na jirani yako yule Mpokomo aliyeniletea ndizi, mwambie zilikuwa tamu. Mungu akulinde na jua na akupe akili unayoikosa.

Kazi yako sasa ni hii, na uifanye leo barua ikifika, usilale nayo. Funga duka. Mchukue Sadik mpande pikipiki mpaka Garsen kwa Nuh, mwite na Ramla, muwasomee daftari hili lote. Mahali pa aibu yangu usikohoe na usipunguze sauti. Ijumaa, kabla watu hawajatawanyika msikitini, simama ulipoombwa kusimama siku ile ya hitima, uwaambie Kadra hakuwa na kosa hilo, na aliyekuwa nalo ni dada yako, taja jina. Ramla mwambie mama yake hakumfungia mlango. Hilo mwambie kwa upole, kama unajua upole.

Kisha mlete Sadik hapa Minjila. Njiani usimtulize wala usinitetee. Ukifika, wewe baki nje na pikipiki yako. Mwache aingie kwangu peke yake, aniite atakavyoniita.

Ni mimi dada yako,
Sabdio.